Fomu iliniachia mstari mmoja

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua. Barua ndefu mnazikata, najua, na mimi niliyeishi kwa kukata mbao sina haki ya kulalamika. Punguza utakapoona panafaa, ila kule mwishoni nilipomtaja dada yangu naomba uniachie kama palivyo.

Nina miaka 73. Nimekuwa seremala kwa miaka 46, na tangu nilipoweka randa chini, shughuli yangu kubwa imekuwa kuiuguza nyonga ya kushoto. Majuzi daktari akaamua nipigwe picha ya nyonga hiyo pamoja na mgongo kwa ile mashine ya MRI. Mapokezi nikapewa fomu. Jina, umri, ndugu wa karibu, halafu swali: "Umewahi kuumia au kufanyiwa upasuaji?" Chini yake mstari mmoja, urefu wake kama kidole cha shahada. Nasema kidole cha shahada cha mtu mwingine, maana changu cha mkono wa kushoto ni kifupi, nitaeleza.

Nikashika kalamu nikiutazama ule mstari kama fundi aliyepewa ubao wa futi moja akaambiwa atoe kabati. Nyuma yangu foleni inakohoa. Kijana wa mapokezi akataka kunisaidia: "Mzee, umewahi kuumia?" Nikacheka, nikamjibu, "Mwanangu, tuanzie wapi?" Sijui alisikia nini. Alivuta fomu, akaandika "Hapana", akagonga muhuri.

Hapana! Seremala wa miaka 46, hajawahi kuumia.

Aliyeninusuru ni mtaalamu wa kile chumba cha mashine, binti mdogo tu, umri wa wajukuu zangu wakubwa. Hakuitazama hata ile fomu. Aliniketisha, akaniangalia mikono, akauliza, "Baba, ulikuwa unafanya kazi gani?" Nikamwambia. "Ulikuwa unanoa vyuma kwa jiwe la mashine? Hakuna chembe ya chuma iliyowahi kukurukia jichoni?"

Mhariri, nilishtuka kama mtu aliyeitwa kwa jina la utotoni. Ilikuwa 1983. Nilikuwa nanoa patasi bila miwani kwa sababu miwani ilikuwa mbali, yaani hatua tatu. Cheche ikaruka. Nilifikicha jicho siku mbili nikidhani ni vumbi, siku ya tatu daktari wa macho akaitoa kwa kijisindano, chembe ndogo kuliko nukta mwisho wa sentensi hii. Nikaisahau. Yule binti akanieleza kwamba mashine yake ni sumaku kubwa, na kipande cha chuma kilichobaki ndani ya jicho kinaweza kusogezwa na sumaku hiyo kikaharibu jicho. Je, una uhakika kilitoka chote? Sikuwa na uhakika. Na mguuni nina bamba la chuma na skurubu sita, tangu 1994. Vyuma vingi vya kuungia mifupa huwa havina shida kwenye mashine hiyo, lakini ni lazima wajue kabla, wakague, ndipo waamue. Nikapelekwa kwanza eksirei ya macho. Macho yalionekana safi, bamba nalo wakalikagua, na picha ya nyonga nikapigwa juma lililofuata.

Sikuandika barua hii kumsuta kijana wa mapokezi. Mimi mwenyewe ningeliulizwa ghafla mbele ya foleni, lile jicho lisingenijia akilini. Ninachosema ni kwamba wazee tunatembea na daftari zima mwilini na hakuna anayelifungua, sisi wenyewe tukiwa wa kwanza kulifunika. Tunadhani lililopona limekwisha. Halijaisha. Hilo ndilo ninalotaka kulieleza, na nitalieleza kwa kuonyesha, sina elimu ya kulieleza vinginevyo.

Niliporudi nyumbani nilimsimulia mjukuu wangu wa miaka 11, ambaye ni mtu wa utaratibu kuliko sisi sote. Alichukua daftari la hesabu, akapiga mistari kwa rula: Namba, Mahali, Mwaka, Chanzo. Akaniamuru nivue shati.

Namba moja iko mkono wa kushoto karibu na bega, kovu la mviringo lililobonyea, limejaa vijitundu kama uso wa kastabini ya mshonaji. Hilo ni chanjo ya ndui. "Ndui ni nini?" akauliza, na nikatambua kwamba kovu hili watu wa umri wake hawana. Chanjo ile haipewi tena watoto kwa kuwa ugonjwa wenyewe haupo. Mtu wa mwisho duniani kuambukizwa ndui kwa njia ya kawaida alikuwa Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali mjini Merca, Somalia, Oktoba 1977. Akapona, na miaka ya baadaye akashiriki kampeni za chanjo ya polio nchini kwake. Mei 1980 Shirika la Afya Duniani likatangaza kwamba ndui imetokomezwa. Kwa hiyo sisi wenye alama hii tukiondoka, alama nayo inaondoka. Mjukuu aliipima kwa rula: milimita 12. Ni kovu pekee nililonalo ambalo mtu alinitia kwa makusudi na nikamshukuru.

Namba mbili ni mkono uliovunjika 1961, nilipoteleza kwenye ukuta. Nilimwambia aandike, akautazama mkono huku na huku, akasema, "Babu, hapa hapana kitu." Ni kweli. Mfupa ule uliungana ukiwa umepinda kidogo, mama alilia akijua nitakuwa na mkono wa upinde, lakini mfupa wa mtoto unakua, na kadiri unavyokua unajinyoosha. Leo siwezi kukuonyesha ulipovunjikia. Linganisha na muundi wa mguu wa kulia, niliouvunja nikiwa na miaka 42: ukipitisha kidole unakutana na kifundo kigumu kama pale ubao ulipounganishwa na mtu asiyejua gundi.

Msumari nitaupitia haraka, ila una neno moja. 1963, peku, msumari wa inchi tatu ukazama kisiginoni. Watu wote waliosimama pale walisema jambo moja: una kutu, atapata pepopunda. Kutu haina kosa. Vijidudu vya pepopunda vinaishi udongoni na kwenye samadi, na vinachopenda ni tundu refu jembamba lisiloingiza hewa. Msumari mpya unaong'aa uliolala mchangani unaweza kukuua vilevile. Hata aliyeugua pepopunda akapona hana kinga, bado anahitaji chanjo. Na kinga ya chanjo nayo hupungua na miaka. Wazee wenzangu, mara ya mwisho mlichanjwa lini? Mimi nilipoulizwa nilijibu "utotoni", nesi akanitazama kama mtu aliyesema anaoga kila Krismasi.

Sasa kidole.

Ilikuwa 1970, nina miaka 18, mwaka wangu wa pili wa kujifunza kazi. Nilikuwa natoboa tundu la kuingizia ulimi kwenye mguu wa meza, ubao mgumu, jiliwa limeshikwa na mwanafunzi mwingine, nami kwa haraka nikaushika ule mguu kwa mkono wa kushoto, patasi mkono wa kulia. Kila fundi anakufundisha siku ya kwanza: mkono usikae mbele ya ncha. Nilijua. Nilikuwa nimewafundisha hata wengine. Patasi ilikuwa ya inchi moja, nimeinoa asubuhi ile kwenye kinoo mpaka inanyoa nywele za mkono. Ilifika kwenye jicho la ubao, ikakwama, nikasukuma, jicho likaachia.

Ninachokumbuka si maumivu. Ni kimya. Nilitazama chini ya kidole cha shahada, pale kinapoungana na kiganja, nikaona mdomo mweupe safi, kingo zake zimenyooka vizuri kuliko lile tundu nililokuwa nalitoboa. Nilipata hata muda wa kufikiri, "Kumbe patasi nimeinoa sawasawa." Ndipo damu ikaja, yote kwa pamoja. Mwalimu wangu wa kazi hakupiga kelele. Alininyanyua mkono juu ya kichwa, akabana kitambaa kwa dole gumba lake, akanitembeza hivyo hadi zahanati kama mtu anayempeleka mwenzake kuapa. Hakuachia hata mara moja. Nilishonwa nyuzi saba.

Kidonda kilifunga baada ya wiki mbili, lakini kidole hakikuwa changu. Upande mmoja kilikuwa na ganzi, nikikigonga mezani nasikia mlio, sisikii mguso. Daktari akasema mshipa wa fahamu umekatika, unaota upya, kama milimita moja kwa siku. Seremala akipewa kipimo anapiga hesabu. Kutoka kwenye kovu hadi ncha ya kidole ni milimita 70, basi nikahesabu siku 70. Siku ya 70 hakuna kitu. Yalinichukua miezi mingi zaidi, na hisia zilizorudi zilirudi kombo: nikipapasa msasa nasikia umeme. Hadi leo kwenye baridi kidole hicho ndicho cha kwanza kunitangazia.

Ncha yake ilikatwa na msumeno wa umeme 1988. Hiyo nimeisimulia mara nyingi mno hata mimi mwenyewe imenichosha, tuendelee.

Mjukuu alitaka kujua kwa nini kovu ni jeupe na linateleza. Nikamwambia nilichoelezwa: mwili ukishonwa hauoti ngozi ileile. Unaweka kiraka. Ngozi nzima ina nyuzi za kolajeni, ile protini inayoishikilia, zilizosukwa huku na huku kama ukili. Kovu lina nyuzi zilizolazwa upande mmoja, kwa haraka, maana nyumba ilikuwa wazi na mvua inanyesha. Baada ya wiki tatu kiraka hicho hakijafikia hata robo ya nguvu ya ngozi ya awali. Kinaendelea kukazwa kwa mwaka mzima na zaidi, na kikikamilika kabisa nguvu yake ni kama asilimia 80. Kiungo cha mbao kilichowekwa gundi vizuri kinaweza kuwa imara kuliko ubao wenyewe. Ngozi si mbao. Haijawahi kunipa fidia hiyo.

Nina alama ya kuungua kwenye mkono wa kulia, ndani, tangu 1976, chungu cha gundi ya moto. Hilo nalipenda, sijui kwa nini. Halina nywele hata moja na halitoi jasho. Siku ya joto mkono mzima unang'aa kwa maji, pale pamekauka kama kisiwa. Limekuwa hivyo karibu miaka 50, na kila mwaka jua likinishika nalitazama kuona kama limebadili mawazo.

Kifuani nina keloidi, lililoanza na kijipu kisichozidi punje ya mtama. Hili sitalisema sana isipokuwa kwa ndugu zangu wenye ngozi nyeusi, ambao tunalipata zaidi: kovu la kawaida linakaa ndani ya mipaka ya jeraha, keloidi linavuka mipaka, na likikatwa tu bila matibabu mengine mara nyingi linarudi, tena kubwa kuliko mwanzo. Nimeona mtu aliyelikata mara mbili. Na matangazo ya krimu zinazofuta kovu lolote kwa siku 14, Mhariri, baadhi nayasoma kwenye kurasa zenu. Nitaishia hapo.

Mke wangu alikuwa akitusikiliza tangu mwanzo, yupo na kazi zake. Tulipofika namba tisa akasema, "Ya kwako mengi ni ya uzembe. Mimi ninayo mawili tu, na yote mawili yalitoka na mtu." Alizaa kwa upasuaji mara mbili. Mjukuu akamwangalia bibi yake tumboni kwa muda mrefu. Mama yake ndiye mmoja wa hao watu. Sikuwa na jibu na sikulitafuta.

Sasa nirudi kwenye neno langu kwamba halijaisha. Kuna kisa nilichokisoma zamani ambacho kimenikaa kuliko mahubiri mengi. Mwaka 1740 Kamanda George Anson aliondoka Uingereza na meli za kivita katika safari iliyoishia kuzunguka dunia. Mabaharia wake wengi mno walikufa njiani, na muuaji mkubwa alikuwa kiseyeye, ugonjwa wa kukosa vitamini C. Ndani ya meli yake ya Centurion alikuwamo mzee mmoja aliyejeruhiwa vitani huko Boyne, Ireland, mwaka 1690. Miaka 50 ilikuwa imepita. Alikuwa amepona zamani, ameishi, amezeeka. Kiseyeye kilipomshika, majeraha yale ya ujanani yakafumuka upya kana kwamba hayakuwahi kupona. Na mfupa uliovunjika zamani ukaungana, ukaachia tena.

Maana yake nilikuja kuielewa baadaye. Kolajeni haiwekwi mara moja ikabaki kama saruji. Mwili unaibomoa na kuijenga kila siku, na kwenye kovu kazi hiyo ni kubwa kuliko kwenye ngozi nzima. Kuitengeneza kunahitaji vitamini C. Ikikosekana kwa miezi, ubomoaji unaendelea na ujenzi unasimama, na kiraka kinaachia pale pale kilipowekwa. Kwa hiyo yule mzee alikuwa ameshikilia majeraha yake yafumbe kwa miaka 50, mchana na usiku, bila kujua kwamba anafanya kazi.

Niliposoma hilo nilijitazama kidole. Tangu 1970 mwili wangu haujaondoka pale. Yule mwalimu aliyenibana kwa dole gumba aliachia tulipofika zahanati. Mwili wenyewe haujaachia mpaka leo.

Na sasa unachoka. Hilo ndilo geni la uzee, kuliko maumivu. Ngozi ya mgongo wa viganja imekuwa nyembamba kama karatasi ya kufungia msasa mpya, nikigusa komeo la mlango nachubuka, na doa la zambarau linakaa wiki tatu. Ujanani kijeraha cha namna hiyo nilikifuta kwenye suruali nikaendelea na kazi. Mkwaruzo nilioupata mwezi wa kwanza niliuona kwenye kiwiko hadi wa tatu. Na makovu yale ya zamani yamekuwa na sauti. Lile bamba la mguuni lilikaa kimya miaka 20, sasa asubuhi linanitangulia kuamka. Nyonga hii yenyewe, daktari ananiambia, huenda imechoka kwa sababu tangu 1994 natembea nikiuhurumia mguu wa kulia na kuuelemea wa kushoto. Yaani jeraha lilikuwa mguu mmoja, deni limelipwa na mwingine, miaka 30, hakuna aliyeandika popote. Kwenye ile fomu ingekuwa sentensi moja. Mstari ungetosha.

Naogopa kuanguka, sitaficha. Kila mwaka duniani watu wapatao 684,000 hufa kwa kuanguka, hizo ni hesabu za Shirika la Afya Duniani, na wanaoongoza ni wenye zaidi ya miaka 60. Nilipanda paa kwa miaka 46 nikiwa na misumari mdomoni. Leo naogopa sakafu ya bafu. Nimejitengenezea kishikio cha mbao ukutani, kazi yangu ya mwisho yenye maana, na nimekiweka skurubu nne pale ambapo mbili zingetosha.

Katika pango la Shanidar, Iraki, 1957, wachimbaji walifukua mifupa ya mwanamume wa jamii ya Neandertali, binadamu wa kale waliokwisha kutoweka, aliyeishi makumi ya maelfu ya miaka iliyopita. Alikuwa amepigwa upande wa kushoto wa uso, huenda jicho hilo halikuona tena. Mkono wa kulia ulikuwa umenyauka. Mifupa yake ilivunjika ikaungana, nayo inaonyesha kwamba aliishi miaka mingi baada ya kuumia, hadi umri ambao kwao ulikuwa uzee. Mkono mmoja, jicho moja, katika dunia ile. Waliomchunguza wengi wanasema kuna watu walimsaidia. Mimi sihitaji kushawishiwa. Nikihesabu makovu yangu, kila moja lina mkono wa mtu juu yake: mwalimu na dole gumba lake, yule daktari wa macho, mama aliyenikalisha usiku kucha mkono uliovunjika ukiwa juu ya mto. Wengi wao hawapo. Kovu limebaki, aliyelifunga ameondoka.

Ndivyo tulivyofika namba 14.

Tulidhani tumemaliza na 13. Nilikuwa nimeinama kuvaa viatu, mjukuu amesimama nyuma yangu, akaniambia, "Babu, na hili?" Akagusa juu ya sikio la kulia, nyuma. Kwa miaka yote pale palikuwa na nywele. Upara umefika huko hivi karibuni tu, umelifunua. Nikapeleka vidole. Mstari, karibu inchi moja na nusu, umebonyea katikati. Sijawahi kuliona na siwezi kuliona, labda kwa vioo viwili. Ila habari zake nilikuwa nazo: mama aliniambia nilianguka kitandani nikiwa na miaka minne. Nikamwambia mjukuu aandike 1956, chanzo kitanda.

Akasita na kalamu. "Kitanda kina pembe gani ya kukata hivi?"

Nimetengeneza vitanda visivyohesabika, Mhariri, na swali hilo sijawahi kujiuliza. Nikampigia simu dada yangu. Ana miaka 78, ndiye pekee aliyebaki wa nyumba ile. Nikamwuliza, dada, unakumbuka nilivyoanguka kitandani?

Akanyamaza. Nikadhani simu imekatika.

"Hukuanguka," akasema. "Ni mimi. Nilikushika mikono nikikuzungusha, wewe unacheka, unasema tena, tena. Nikakuachia. Ukapiga pembe ya mwimo wa mlango. Nikamwambia mama umeanguka kitandani, na mama akaniamini, au alijifanya kuniamini."

Miaka 69 amekaa nayo. Alikuwa na miaka tisa. Akaniambia kila aliponiona nanyolewa alikuwa anatoka nje, na mimi siku zote nilidhani hapendi harufu ya kinyozi. Halafu akaniuliza, kwa sauti ya yule msichana, "Mdogo wangu, bado linauma?"

Nikamwambia halijawahi kuuma. Nikamwambia pia kwamba sikumbuki kuanguka, ila kuzungushwa nakumbuka. Nilikuwa nadhani ni ndoto.

Mjukuu alikuwa amenisikiliza simu yote. Akafuta kwa ufutio neno "kitanda", akapuliza vumbi lake, akaandika kwenye safu ya Chanzo: "Dada yake Babu. Walikuwa wanacheza."

Nakala ya ukurasa ule nimeipeleka hospitali, wameiambatanisha nyuma ya fomu.

Ni mimi,
Seremala mstaafu
(Jina na anwani mnavyo)